Siku Nilipomwamkia Profesa wa Kwenye Video

Enzi zetu, picha moja ya video ilitosha mtaa mzima, na wala haikuhitaji wote tuione. Alikwenda mmoja, akaiona kwa niaba ya wenzake, akarudi kutuhadithia. Watoto wa leo nikiwaambia hivyo wananitazama kana kwamba nimesema tulikuwa tunakula kwa zamu, mmoja anatafuna na wengine wanashiba. Lakini ndivyo tulivyoishi pale Kikuyu, Dodoma, na naapa tulikuwa tunashiba.

Najua wapo wakubwa watakaocheka kusikia mtu wa umri wangu naye ana "enzi zetu". Wanisamehe. Sisi tuliopata akili wakati maduka yameanza kujaa tena, wazazi wakitusimulia foleni za sukari kama hadithi za vita na sisi tukiwasikiliza huku tunalamba pipi, tuna enzi yetu pia. Ilikuwa fupi tu. Ilianza video ilipofika mtaani, ikaisha televisheni ilipoingia sebuleni.

Nakumbuka upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi, ulivyobeba vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria, mlenda ukawa unalia mchanga mdomoni. Nakumbuka kaptula za mitumba zilizoandikwa matakoni maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, na tulivyogombania iliyoandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Nakumbuka ubuyu uliotuacha na midomo myekundu kama tumetoka kuuma mtu, na mpira wa soksi tuliochezea rede hadi ukafumuka. Asubuhi tulikwenda shule na fagio la chelewa mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili. Kama umesoma bila kubeba maji, sijui ulisoma nini.

Na nakumbuka shikamoo. Mama alikuwa na msemo wake: "Mtoto asiyeamkia ni mbuzi aliyevaa nguo." Sasa, mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni, na sipendi kukosea. Wenzangu waliamkia waliyemjua. Mimi, ili kuwa na uhakika, niliamkia wote. Niliamkia watu waliokuwa wamenipa mgongo. Niliamkia kijana wa darasa la saba aliyeota ndevu mapema. Siku moja jioni niliamkia koti la baba lililotundikwa mlangoni, na lilipokaa kimya nikaliamkia tena kwa sauti zaidi, nikidhani halikusikia.

Hayo yote nayasema ili mnielewe nitakapofika kwa Profesa.

Kibanda cha video kilikuwa cha Baba Mwajuma, mtu wa Kondoa aliyewahi kufanya kazi bandarini Dar es Salaam, na aliyesema kwamba huko ndiko alikojifunza Kiingereza chote. Kilikuwa chumba cha mabati na magunia, mabenchi, televisheni moja na deki moja iliyokaa juu yake kama kuku anayeatamia. Watu wazima walilipa kwa fedha. Watoto tulilipa kwa maji, kwa sababu sakafu ilikuwa ya udongo na isiponyunyizwa vumbi lilifunika picha. Bomba lilikuwa mbali na maji yalikuja kwa mgao, kwa hiyo ndoo alizotaka Baba Mwajuma kwa mtoto mmoja zilikuwa jasho la watoto wote wa mtaa wetu. Tulibeba wote, akaingia mmoja. Huyo tulimwita mjumbe.

Mjumbe nilikuwa mimi. Sikuwa na sauti nzuri wala sikuweza kuigiza ngumi kama Mwaluko, jirani yetu, ambaye alitaka ile kazi kuliko alivyotaka kwenda mbinguni. Lakini nilikuwa siachi kitu. Nilihadithia hadi rangi ya pazia. Nikikosea nilirudi nyuma: "Ngojeni, kabla hajaruka dirisha alivua kofia kwanza." Wenzangu walichoka, lakini waliniamini. Sikufundishwa na mtu. Hata haya mambo ya kuandika nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua, ndiyo maana hadi leo habari nyingi nazijua katikati tu.

Jumamosi hiyo Baba Mwajuma alitangaza picha mpya, ya kutisha. Tukabeba maji, nikaingia, nikakaa benchi la mbele kabisa.

Picha ilianza na mzee. Uso wake ulijaza kioo chote: mzungu mwenye nywele nyeupe, miwani minene na tai ya mistari. Hakufanya kitu. Alitutazama tu. Baba Mwajuma, ambaye alitafsiri akiwa amesimama pembeni na fimbo ya mtama, naye alinyamaza, maana hapakuwa na la kutafsiri. Kibanda kizima kikawa kimya, na yule mzee akaendelea kunitazama mimi.

Nawauliza ninyi mliolelewa kama mimi: mzee akikutazama usoni, amenyamaza, anangoja nini?

"Shikamoo," nikasema.

Na mzee akainamisha kichwa. Naapa. Aliinamisha kichwa taratibu, kama babu anayeitikia.

"Marahaba, mjukuu!" mtu akapiga kelele benchi la nyuma, na kibanda kikapasuka kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimeimwagia maji mwenyewe na ilikuwa imeshikana vizuri.

"Huyu ni profesa," Baba Mwajuma akaeleza kicheko kilipotulia.

"Profesa wa nini?" mtu mmoja akauliza.

"Wa televisheni."

"Televisheni nayo inasomewa?"

"Kwa wenzetu kila kitu kinasomewa. Huyu ana digrii ya kutazama. Anasema, zamani mtu alikaa mbele ya televisheni. Sasa televisheni imekaa mbele ya mtu."

"Kuna tofauti gani?"

"Wewe ngoja, profesa hajamaliza."

Hakumaliza. Picha nzima yule mzee alikuwa anafundisha, na hakuonekana hata mara moja nje ya televisheni. Ndani ya picha kulikuwa na televisheni nyingine, ndani ya hiyo televisheni kulikuwa na yeye. Steringi, yaani shujaa wa picha, alikuwa kijana fundi aliyeitwa kwenye nyumba ambazo watu wametoweka. Chai imebaki mezani inafuka moshi, televisheni inawaka, na Profesa yumo anaongea. Steringi akatafuta, akatafuta, hadi akagundua siri, na Baba Mwajuma akaitafsiri kwa sauti ya chini iliyonisisimua mwili mzima.

"Anasema, Profesa akikuuliza jambo, atanyamaza angoje. Usijibu. Ukimjibu tu, umekwisha."

Tukaona kwa macho. Mama mmoja alijibu. Kwanza ncha ya kidole chake iligeuka kioo na taa ikawaka ndani. Kikafuata kiganja, kikafuata mkono. Kesho yake alionekana nyuma ya Profesa, amekaa kwenye kiti, pamoja na wengine wote waliowahi kumjibu, kimya, kama darasa.

Nikatazama vidole vyangu. Kulikuwa na giza mle ndani, sikuona kitu.

Basi ikafika mahali steringi mwenyewe kakaa mbele ya televisheni. Profesa akauliza. Akanyamaza. Steringi akafungua mdomo, na umeme ukakatika.

Ule mlio wa "Aaaah!" nadhani ulisikika hadi stesheni. Tulisubiri hadi watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Umeme haukurudi siku hiyo, na asubuhi ya Jumapili kanda ilikuwa imepakiwa kwenye basi la Kondoa, ambako ndugu yake Baba Mwajuma alikuwa na kibanda kama chake. Mwisho wa picha ukawa umesafiri.

Nilipotoka kibandani, wenzangu walikuwa wananingoja kwenye lundo la mchanga, kwenye nyumba ambayo mwenyewe aliianza wakati wa vita na hajaimaliza. Nikahadithia kila kitu. Mwaluko alikuwa anasugua shingo iliyobeba ndoo.

"Sasa huyo Profesa ni steringi au adui?"

"Sijui."

"Anapiga watu?"

"Hapigi. Amekaa tu."

"Ana bunduki?"

"Hana."

"Ana nini sasa?"

"Ana tai."

Mwaluko akatema mate pembeni kwa dharau. Kwetu sisi watu walikuwa wa aina mbili tu duniani, steringi na adui, na steringi hafi. Mtu anayekaa kitini akafundisha hadi watu wakatoweka hakuwa na mahali pa kuwekwa.

"Na mwisho?"

"Umeme ulikatika."

Ningeweza kusema steringi alishinda, nani angenikatalia? Lakini mtu anayerudi nyuma kwa ajili ya kofia hawezi kubuni mwisho mzima. Nikabaki nimekaa, najua kazi ya ujumbe inaniponyoka, na Mwaluko ameshaanza kujinyoosha viungo.

Hapo ndipo Zuhura, mdogo kuliko wote na mwenye akili kuliko wote, akauliza, "Kwani wewe, Pendo, si umesema ulimjibu?"

"Hakuniuliza. Nilimwamkia tu."

"Akaitikia?"

"Aliinamisha kichwa."

Zuhura akawageukia wengine. "Basi picha haijaisha. Imebaki kwa Pendo. Tumtazame yeye."

Wakakubaliana wote, bila kuniuliza. Sikuwa mjumbe tena. Nikawa picha.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya mchakamchaka, Mwaluko alikuja dirishani kwetu.

"Pendo! Bado upo?"

"Nipo!"

"Toa mkono."

Nikitoa mkono kati ya nondo, ananifinya kwa nguvu zake zote. Nikipiga ukelele, anageuka na kuwatangazia wenzake waliosimama barabarani: "Bado nyama!" Nao wanaitikia, "Bado nyama!" na tunakwenda shule.

Mnaweza kucheka, na mimi nacheka sasa, lakini sikucheka wakati ule. Nilivinyanyua vidole kwenye jua nikaona wekundu unapita katikati, nikawaza, ndiyo hivyo, vinaanza kupitisha mwanga. Nilikwepa vioo. Shuleni niliacha kujibu maswali. Mwalimu wa hesabu alikuwa na tabia ileile ya Profesa, anauliza, ananyamaza, anatazama, na mimi nilibana midomo hadi akaja na fimbo. Nilipokea fimbo kwa moyo mweupe. Fimbo inauma kwenye nyama, kwa hiyo nyama ipo. Mama alinishika paji la uso akasema ni malaria, akaninywesha vidonge vichungu. Sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi?

Kisha baba akaleta televisheni.

Baba alikuwa karani serikalini, na mwenzake ofisini alikuwa anahamia Dar, akamwachia ya kwake iliyokwisha kutumika. Ililetwa kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Baba aliiweka sebuleni, akaizunguka, akajikohoza. "Matangazo yameshafika Dodoma," akasema wakati wa kula. "Jumamosi tunawasha."

Nikarudisha tonge la ugali sahanini. Nilikuwa nimemwamkia ugenini, sasa anakuja kwetu.

Jumamosi mchana watoto wote wa mtaa walikuja. Walikuwa wameoga, miguu inang'aa mafuta, wamekaa mkekani kwa adabu ambayo haijawahi kuonekana. Baba alifurahi mno. Alidhani wamekuja kuitazama televisheni, kumbe wamekuja kunitazama mimi. Bibi naye alikuwepo, mama yake baba, aliyefika juzi yake kutoka Haneti na gunia la karanga. Alikaa kwenye kigoda karibu kabisa, kwa sababu ya macho yake, akiwa hajawahi kuona kitu hicho maishani.

Mwaluko alikaa ubavuni kwangu, akanishika kifundo cha mkono.

"Ukianza kuwa kioo," akaninong'oneza, "mimi nitavuta."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Miguu yake ilikuwa imejikaza mkekani tayari.

Baba akapanda juu ya bati kuzungusha antena. Kioo kilijaa chenga, zikivuma kama nyuki.

"Imekuja?" sauti ya baba ikatoka juu.

"Bado!" tukajibu.

"Na sasa?"

"Bado!"

Bati likalia, baba akahama upande. Chenga zikajikunja, zikanyooka, na mtu akatokea.

Alikuwa na miwani, na tai. Alikaa nyuma ya meza, uso umejaza kioo, anatutazama. Sauti haikuwepo. Alitazama tu, amenyamaza.

Sebule nzima ikageuza shingo kunitazama. Nikasikia Zuhura anavuta pumzi. Na ulimi wangu, ulimi ule ambao mama aliufundisha tangu sijui kutembea, ukaanza kunyanyuka wenyewe.

"Shi..."

Mwaluko akaniziba mdomo kwa kiganja. Yule mtu akaendelea kungoja. Kila mtu alikuwa anangoja, na hakuna aliyejua nani aanze, ila mmoja.

"Huyu ni nani?" akauliza Bibi.

Bibi akasogeza kigoda, akamkazia macho yule mtu wa kwenye kioo. Alikuwa kijana tu, ukimtazama vizuri. Mbele ya Bibi, alikuwa mtoto.

"Wewe," Bibi akasema. "Umeingia nyumba ya watu. Umenikuta nimekaa, mimi mama yake mwenye nyumba. Unanikodolea macho. Hata mbukwa?"

Mbukwa ni salamu ya kwetu Ugogoni, na anayeingia ndiye anayepaswa kuanza. Yule mtu akachezesha midomo, kimya.

"Na anatafuna!" Bibi akasema, akipandisha sauti. "Wenzako wanakungoja useme, wewe unatafuna!"

"Mama, huyo hatusikii," mama yangu akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Hatusikii? Sasa amekuja kufanya nini?"

Bibi akanyanyuka. Akafungua khanga aliyojifunga juu ya gauni, akaikung'uta, akaitandaza juu ya televisheni hadi ikafunika kioo chote. Akajipangusa mikono.

"Atafunuliwa akijua adabu," akasema, na akarudi kukaa.

"Imekuja?" baba akaita kutoka juu ya bati.

Nikahisi vidole vya Mwaluko vinauachia mkono wangu. Kisha akaruka kutoka mkekani, akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele ambazo nazisikia hadi leo.

"Imekwisha, Baba Pendo! Picha imekwisha!"

"Imekwisha vipi na haijaanza?"

Lakini watoto walikuwa wameshatoka mbio kwenda kwenye lundo la mchanga, na siku hiyo Mwaluko alihadithia yeye. Alihadithia vibaya sana. Aliongeza ngumi, aliongeza helikopta, rangi ya tai alikosea. Sikumsahihisha. Ilipofika mwisho, steringi amefungua mdomo, Profesa anangoja, akaingia bibi kizee kutoka Haneti na khanga yake. Watoto walipiga makofi hadi mchanga ukaporomoka. Nikakipima kidole changu kwa kukiuma. Nyama.

Miaka mingi baadaye, nikiwa sekondari, msichana mmoja wa Kondoa alinihadithia bwenini picha ya profesa aliyekaa kwenye televisheni, ambayo mwishoni bibi anamfunika khanga. Nikamuuliza kama aliiona mwenyewe. "Hapana," akasema, "kwetu kanda ilikwama kabla ya mwisho. Tulisimuliwa na watu waliotoka Dodoma." Kwa hiyo mwisho wa kweli siujui, na sijawahi kukutana na anayeujua. Wala sijui kama Profesa alisema kweli yale Baba Mwajuma aliyotafsiri, au alikuwa anafundisha tu mambo yake na Kiingereza cha bandarini kikamgeuza jini.

Leo nina mpwa wangu wa darasa la pili. Watu wa kwenye simu wakimwambia "Mambo vipi, jamani?" anawajibu "Poa!" kwa sauti, na wao hawamsikii. Mimi nikiingia mlangoni, mtu mzima, na mkoba, na jasho, hanioni. Siku moja nikamgombeza kuhusu shikamoo. Aliomba radhi kwa kunitumia kikatuni cha mikono iliyokutana. Tulikuwa tumekaa kochi moja.

Namgombeza, lakini mimi ni bora kwa lipi? Asubuhi kabla sijanawa uso, simu imeshaniuliza ninawaza nini, na imenyamaza inangoja. Najibu. Naandika, nafuta, naandika tena hadi koma ikae sawa, kisha naangalia nani kajibu. Bibi alishatangulia mbele ya haki. Khanga yake ninayo, imepauka, lakini simu ni ndogo mno kufunikwa na kitu kikubwa namna ile.

Mwaluko yuko Babati, ana duka la vipuri na kitambi. Hatujaonana uso kwa uso miaka mingi. Namwona kwenye kioo tu, picha yake ndogo ya duara, amevaa tai. Kila baada ya muda, bila salamu wala habari, ananitumia maneno mawili.

"Bado upo?"

"Nipo," namjibu, tena haraka.

Kisha natazama mkono wangu, pale juu ya kifundo alipokuwa akinifinya kila asubuhi hadi pakawa na alama. Najua nipo, maana nimejibu. Ila siku hizi hakuna anayepita dirishani kuhakikisha kama bado ni nyama.